Nyumba Yenye Mlango wa Dharura

Siku basi liliposhushwa kwenye shamba letu, jirani yangu mwenye ng'ombe alikuja akasimama pembeni, mikono nyuma, akalitazama kuanzia taa za mbele hadi bampa ya nyuma. Tulisoma naye darasa moja, kwa hiyo hana haja ya kunistahi.

"Konda," akauliza, "tunaondoka saa ngapi?"

"Likijaa."

"Na hapa ndipo stendi?"

"Hapa hapa."

Akapiga kisigino chini. Ilikuwa kiangazi, na ardhi ya mbuga ilikuwa ngumu kama saruji, imepasuka nyufa za kuingiza mkono. "Mwenzangu," akasema, "hapa baba yako alikuwa analima mpunga."

Nilijua. Nimezaliwa hapa, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, na hakuna mtoto wa Kisukuma asiyejua kwamba kwenye udongo mweusi wa mbugani hulimwa mpunga, na nyumba hujengwa juu, kwenye kichanga tunachokiita luseni, karibu na mawe. Lakini dereva wa lori lililolivuta basi kutoka Kahama alikataa kupanda mlima, nami moyoni nilifurahi kwamba amekataa. Pale chini palikuwa kando ya barabara. Nilitaka watu waone.

"Mpunga hauna matairi," nikamjibu. "Hili lina sita."

Akanitazama kidogo, akaswaga ng'ombe wake, akaenda zake.

Wanaopita siku hizi huniuliza ilikuwaje mzee wa umri wangu akahamia ndani ya basi. Huwa nawajibu kwa utani. Hapa nitajibu kama ilivyokuwa.

Nilifanya kazi jinari ya pamba, karani wa mizani, mpaka nikastaafu. Tulikuwa na nyumba mjini, mtaa wa Kambarage, si kubwa, lakini ilikuwa na uzio wa matofali na mti wa mwarobaini ambao mke wangu aliupanda mwenyewe. Nilipostaafu nikaanza kukaa na watu wanaozungumzia dhahabu. Kwetu huku ukikaa bila kazi lazima utakaa na watu hao. Jamaa mmoja alikuwa na sehemu katika duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, upande wa Geita, akasema limebaki kidogo tu lianze kutema. Niliuza nyumba. Mke wangu nilimwambia wakati mnunuzi ameshafika na futi kamba, anapima sebule. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha, kisha akaingia ndani kukunja nguo.

Duara halikutema. Liliingia maji, wenzangu wakatawanyika, nami nikarudi na kitu kimoja tu nilichoweza kupakia kwenye gari: injini ya karasha, ile mashine ya kusaga mawe.

Mke wangu alikuwa ameshahamia kwa binti yetu, hapo hapo Kambarage, nyumba ya nne kutoka ile tuliyouza. Kwa mtu wa mbali hilo halina ubaya wowote, mama kukaa kwa mtoto wake. Kwetu ni fedheha. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawapishani mlangoni, hawali wakitazamana. Si chuki, ni heshima, na kadiri mkwe anavyokuwa na adabu ndivyo anavyojitenga zaidi. Mjini wengi wameacha. Mke wangu hajaacha, na bahati mbaya mkwe tuliyempata naye hajaacha.

Basi yule kijana, dereva wa lori la mchele, akawa mgeni kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe. Akifika getini anakohoa. Mama mkwe wake akisikia, anaingia chumbani na kufunga mlango. Akitaka kuoga anakohoa. Akitaka maji ya kunywa anakohoa. Wajukuu wangu walianza kumwiga, wanazunguka uani wakikohoa na kuanguka kwa kicheko, na hakuna aliyeweza kuwachapa kwa sababu hakuna aliyeweza kueleza wamekosa nini. Mwishowe akawa anakula kwa jirani.

Nilipokwenda kumwona mke wangu tulikaa nje, kwenye vigoda. Hakugomba. Alisema, "Nitakaa hapa mpaka mpunga uvunwe. Ukiwa na nyumba nitakuja. Usipokuwa nayo, kaka zangu wapo Geita, wana nafasi."

Mwanamke wa umri wake akirudi kwa kaka zake, harudi tena. Alijua kwamba najua.

Nyumba ya matofali sikuwa na uwezo nayo. Nilikuwa na shamba la urithi na injini ya karasha. Ndipo nikasikia kwamba Kahama kuna mtu mwenye yadi ya magari mabovu, na katika yadi hiyo yapo mabasi yaliyowahi kubeba wafanyakazi enzi mgodi wa Buzwagi unachimbwa, na mengine ya njia ya Bugarama. Nilikwenda kutazama tu. Nilikuta basi jeupe, halina injini, nyasi zimeota hadi kwenye ngazi, lakini mabati yake mazima, vioo vizima, na limejaa kivuli. Niliketi kiti cha mbele kabisa. Mtu aliyeuza nyumba bila kuuliza mtu, ukimpa paa na kuta kwa mara nyingine, hafikirii sana. Tulibadilishana, injini kwa basi, na juu yake akanipa lori la kulivuta.

Ndivyo lilivyofika mbugani, chini ya macho ya jirani yangu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kung'oa viti. Nilidhani ni kufungua nati. Nati zilikuwa zimeoza na kuwa kitu kimoja na sakafu, nikazikata kwa msumeno wa chuma moja baada ya nyingine, na kila kiti kilipotoka kiliacha shimo ambalo panya walilichukua siku hiyo hiyo. Niliziba kwa mbao. Mchwa wakala mbao. Nikaziba kwa bati, na hapo tukaelewana. Viti viwili nilivipanga nje kwa ajili ya wageni, cha dereva nikakiacha mahali pake, vingine vikachukuliwa na mwenye kilabu cha pombe kijiji cha pili, akanipa nondo na mbao ngumu za kutosha.

Kisha paa. Lilikuwa na vitundu ambavyo kule yadini sikuviona, nami nikakumbuka nina pipa la lami iliyobaki jinari walipokarabati ghala. Nililipaka paa lote, nyeusi tii, nikashuka nikijisifu. Ilipofika saa saba mchana basi likawa tanuru. Lami ikalainika, ikaanza kushuka madirishani polepole, kama uji unaofurika sufuria. Mshumaa niliouacha mezani niliukuta umeinama, kichwa chini. Nililala nje wiki nzima, na wapita njia wakawa wananisalimu hivi: "Mwadila, mzee. Abiria wameshuka?"

Dawa niliipata kwa kutazama nyumba za zamani. Nikasimamisha miti kuzunguka basi lote na kuezeka nyasi juu yake, nikiacha upenyo kati ya nyasi na bati ili upepo upite. Basi likawa kama ng'ombe aliyevaa kofia, lakini ndani pakapoa. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza niliyoifanya vizuri.

Ya pili niliiona nzuri kuliko zote. Nilimwita fundi wa kuchomelea, akanitengenezea kitanda cha nondo, kipana, kimeenea upande hadi upande kule nyuma kabisa. Fundi aliuliza, "Mzee, hapa nyuma kuna mlango. Nikichomelea hapa haufunguki tena."

Kweli ulikuwepo, mlango wa dharura, umeandikwa hivyo hivyo kwa herufi nyekundu. "Nina mlango wa mbele," nikamwambia. "Nyumba yangu haitapata ajali." Akachomelea. Kitanda kikawa imara hata ukiruka juu yake hakilii.

Nikapiga simu kwa binti yangu. Nikamwambia amlete mama yake, nyumba iko tayari.

Walikuja Jumapili baada ya ibada, mama na binti ndani ya bajaji. Mkwe alikuwa anafuata nyuma kwa pikipiki na godoro jipya, zawadi yake. Mke wangu alipanda ngazi kwa utaratibu, akavua viatu, ingawa sikuwa nimemwomba. Akagusa mapazia. Akavuta dirisha la kioo, likateleza vizuri, akalirudisha. Akaketi kwenye kitanda, akajitingisha kidogo.

"Hakilii," nikasema.

"Nasikia," akajibu, na nilimwona anataka kutabasamu.

Wakati huo mkwe akafika. Alikohoa kutoka kwenye uzio wa minyaa, kama kawaida yake. Mke wangu akainuka kwa mazoea, kwenda kujificha, akasimama katikati ya basi. Hapakuwa na pa kwenda. Hapakuwa na chumba cha pili, hapakuwa na ukuta. Mlango mmoja, na nje ya mlango huo kijana amejitwisha godoro, amegeuza uso kutazama barabara.

"Shikamoo, mama," akasema huku ametupa mgongo.

"Marahaba," akajibu mke wangu kwa sauti ndogo, kanga usoni.

"Pita, mwanangu," nikamwambia.

"Hapa panatosha, baba."

Na hapo mvua ikaanza. Mvua ya kwanza ya msimu, ile inayokuja na upepo na vumbi mbele yake. Mke wangu akaniuliza bila kugeuka, "Mlango mwingine uko wapi?"

"Nyuma ya kitanda."

"Ufungue, nitoke."

"Nimeuchomelea."

Binti yangu aliangua kicheko, kisha akakikata. Mkwe hakuwa na la kufanya. Godoro halipaswi kulowa, na yeye hawezi kuingia. Akainama, akaingia uvunguni mwa basi pamoja na godoro lake, akakaa pale katikati ya magurudumu. Sisi tukakaa juu. Mvua ilipiga muda mrefu. Ikawa kila anapobadilisha mkao chini ya miguu yetu anakohoa, nami nilisikia kila kikohozi kikipita kwenye sakafu niliyoiziba kwa mikono yangu.

Ilipokatika, mke wangu alivaa viatu. Alisubiri mkwe aondoke kwanza, ndipo akashuka. Akasema jambo moja tu: "Huyu kijana nimemtoa kwake. Sasa nimemtoa na kwako."

Godoro waliliacha. Lilikuwa kavu.

Mvua haikuwa imemalizana nami. Nilikuwa nimeanza kupanga nikate kitanda na kuufungua ule mlango wa nyuma, lakini asubuhi moja niliamka nikakuta miguu iko juu na kichwa kiko chini. Mbuga ikinywa maji inakuwa uji mzito. Matairi ya nyuma yalikuwa yamezama hadi kwenye ekseli, na basi limeinamia upande mmoja kama mtu anayesikiliza siri. Niliruka nikavuta hendibreki kwa nguvu zangu zote, nikidhani litaendelea kuteleza. Halikuteleza. Lilikaa vile vile, na kila mvua ilipokuja lilizama kidogo zaidi. Mlango wa dharura ulizama nusu yake ndani ya matope. Hata kama ningekata kitanda, ungefungukia udongoni.

Nilikaa humo masika yote, kwa kuwa sikuwa na pengine. Mtu huzoea. Nilijifunza kulala nikiwa nimejiegemeza ukutani. Kikombe cha chai nilikijaza nusu, kwa sababu nusu ya juu ilimwagika yenyewe. Pande zote za basi mpunga wa majirani ukaota, ukawa kijani, ukapanda hadi kwenye madirisha, na wenye mashamba wakawa wanapita kwenye matuta wakiuliza kama tumefika Mwanza. Mpunga mzuri kama ule sijauona miaka mingi. Niliutazama ukibeba, ukiinama, ukianza kugeuka rangi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliuomba mpunga usiive.

Binti akapiga simu. Mama yake alikuwa ameanza kuzungumza na kaka zake.

Nilikwenda kwa jirani yangu mwenye ng'ombe. Nilimkuta zizini anamtoa kupe maksai. Niliamkia, nikasimama. Alinitazama, akarudi kwenye kupe wake, akaniachia kazi yote.

"Ulinieleza," nikasema. "Nikakujibu ujinga."

"Uliniambia lina matairi sita."

"Lina matairi sita."

"Yako wapi sasa?"

"Chini."

Akacheka mpaka maksai akasogea. Kisha akanawa mikono, tukatoka kwenda kupatazama. Kati ya basi na mlima palikuwa na majaruba yake, mpunga umeshika njano, siku chache tu kabla ya kuvunwa. Kulitoa basi kungehitaji kupita katikati yake na kuvunja matuta. Nilipoliona hilo sikuweza kumwomba. Nilianza kuzungumzia mambo mengine.

"Udongo ukikauka kabisa litashikwa kama nguzo," akasema yeye, kana kwamba anajisemea. "Ukiwa na maji halitoki. Ni sasa, unapoanza kukaza. Wiki hii au basi tena." Akatembea juu ya tuta, akarudi. "Nitavuna ukanda huu kwanza. Ng'ombe wangu nitaleta wote, na mdogo wangu ana jozi zake, na wale wa ng'ambo ya mto tutawaambia. Lakini nina sharti."

"Sema."

"Nikishalitoa, mimi ndiye konda."

Siku ya kulivuta walikuja watu ambao sikuwaalika. Tulishusha paa la nyasi na kung'oa miti yake, tukachimba mbele ya kila tairi mteremko wa kutokea, tukautandika matawi na mbao. Mkwe wangu alikuja na pampu ya kujaza matairi, kwa kuwa alikuwa na ruhusa kazini. Jozi za maksai zikafungwa moja mbele ya nyingine kwa minyororo ya majembe, mstari mrefu uliofika hadi katikati ya jaruba lililovunwa. Wanawake walisimama kando ya barabara, na miongoni mwao, mbali kidogo, nilimwona binti yangu na mama yake. Nilikuwa sijajua kama angekuja.

Niliketi kwenye kiti cha dereva. Jirani yangu akasimama kwenye ngazi ya mlango, mkono mmoja umeshika chuma, mwingine unapunga hewani, akaanza: "Mlimani, mlimani, mlimani. Siti zipo. Mama na mtoto, siti zipo. Luseni moja kwa moja." Watu wakacheka, viboko vikalia hewani, waswagaji wakaanza wimbo wa kulimia, na maksai wakainamisha vichwa wakavuta.

Basi halikutikisika. Wakavuta tena. Mnyororo mmoja ukakatika, ukafungwa. Wakavuta mara nyingine, mpaka ng'ombe wakapiga magoti, na basi limekaa kama limeota mizizi. Wimbo ukafifia. Mtu mmoja akasema labda limenasa kwenye mwamba, mwingine akasema mbugani hakuna mwamba. Mimi nilikuwa nimeshikilia usukani kwa mikono miwili na jasho linaingia machoni, nikitazama upande wa barabara, na nikaona mke wangu ameanza kukunja kanga yake kama mtu anayetaka kuondoka.

Mkwe alikuja taratibu kwenye dirisha langu. Aliinamisha kichwa, kama anavyozungumza nami siku zote, na akasema kwa sauti ambayo hakuna mwingine angeisikia:

"Samahani, baba. Hendibreki?"

Nilitazama chini. Ilikuwa imesimama wima pale nilipoivuta ile asubuhi basi lilipozama. Masika yote nilikuwa nikiipita kila siku, na taulo yangu nilikuwa naianika juu yake.

Niliishusha. Ililia sana, wote wakaisikia. Ningeweza kunyamaza, wangedhani ni chuma tu. Lakini nilikuwa nimenyamaza siku ile ya futi kamba, na nilijua kunyamaza kunaishia wapi. Nikatoa kichwa nje ya dirisha. "Ndugu zangu," nikasema, "ng'ombe hawana kosa. Nilikuwa nimevuta breki."

Kisha kicheko kilianzia barabarani, kwa wanawake, kikaja mpaka kwa waswagaji, na jirani yangu akashuka kwenye ngazi akaketi kabisa chini kwenye matope, ameshika mbavu. Kicheko kimoja nilikitambua hata kwa mbali. Nilikuwa sijakisikia tangu Kambarage.

Wakavuta. Kulitokea mlio kama wa mguu unaotolewa kwenye topetope, mlio mrefu, na pua ya basi ikainuka. Kisha tukawa tunakwenda. Polepole, kwa mwendo wa ng'ombe, lakini tunakwenda, usukani mzito kama jiwe la kusagia, nami nauzungusha. Tulipita kwenye ukanda uliovunwa, tukapanda tuta lililobomolewa, tukaiacha mbuga. Watoto walikimbia pembeni wakipiga kelele, "Limeondoka! Limeondoka!" Jirani yangu, matope hadi mgongoni, alikuwa amerudi kwenye ngazi yake na anawauliza abiria wasiokuwepo nani anashuka kwenye mkwaju. Basi la zamani la mgodini, lisilo na injini, limepanda mlima wa kwetu likiwa na dereva, konda, na ng'ombe wa vijiji viwili. Sikuwahi kuendesha gari kabla ya siku hiyo. Sijaendesha tena.

Tulipofika juu, kati ya mawe, pakabaki tatizo dogo. Nilikuwa nimepanga mlango wa mbele, ule wa abiria, uelekee kwenye njia wanakotokea wageni, na nyuma kuwe jikoni, kwa mama watoto. Lakini basi lilipanda likitanguliza uso, kwa hiyo nyuma ndiko kulikotazama njia. Nikamwomba jirani tuligeuze.

"Ng'ombe hawana rivasi," akasema, akaanza kufungua minyororo.

Nilikaa juu ya jiwe nikalitazama. Kisha nikacheka peke yangu. Kesho yake nilimwita yule fundi wa kuchomelea. Alikata kitanda bila kuniuliza kitu, na kwa hilo ninamshukuru. Mlango wa nyuma uligoma kwa kutu na matope, tukaupiga, tukautia mafuta machafu, tukaupiga tena, mpaka ukafunguka na mwanga wa jioni ukaingia upande ambao haukuwa umewahi kuingia. Nikapanga ngazi za mawe mbele yake, na juu ya basi nikasimamisha upya miti na nyasi. Katikati ya basi tukasimamisha ukuta wa mbao, na kwenye ukuta huo nikaweka dirisha moja la kioo nililolitoa ubavuni, la kuteleza, nikalibandika karatasi lisionyeshe. Upande wa mbele ukawa wa mama: kitanda, mlango wa abiria unaotokea jikoni, na kiti cha dereva. Upande wa nyuma ukawa sebule ya wageni.

Mpunga wa jirani ulikuwa haujaisha kuvunwa mke wangu alipokuja. Alikuja na masanduku yake. Alizunguka basi lote kwa nje, akakagua ngazi za mawe, akasoma herufi nyekundu, akaingia kwa mlango wake. Sikumfuata. Nilimsikia akifungua lile dirisha dogo la ukutani, akilifunga, akilifungua.

"Baba watoto," akaita kutoka ndani. "Njoo unisaidie na hili sanduku. Unangoja nauli?"

Kiti cha dereva amekifanya chake. Ndipo anapokaa kuchambua mchele, anaiona mbuga yote kwenye kioo cha pembeni, kile cha kutazamia nyuma. Juu ya hendibreki anaanika vitambaa.

Mvua za mwaka uliofuata zilianza mchana, na siku hiyo mkwe alikuwa njiani kutuletea mwarobaini. Ni mche aliouchimbua kwenye shina la ule wa zamani, baada ya kuzungumza na mtu aliyeinunua nyumba yetu. Alijua mama mkwe wake ameuacha. Tulimsikia akikohoa kwenye mawe. Binti yangu anasema hata kwake bado anakohoa getini, ingawa hakuna wa kujificha, na watoto wanamjibu kwa kukohoa kutoka ndani. Mke wangu alikuwa jikoni. Akaingia kwa mlango wake bila haraka, na yeye akapanda ngazi za mawe akaingia kwa wake. Sijui mkwe mwingine anayeingia ukweni kwa mlango wa dharura.

Aliuweka mche chini, akaketi. Mvua ikapiga nyasi juu ya paa. Basi lilikuwa limetulia juu ya luseni, halikuinama upande wowote.

"Shikamoo, mama," akauambia ukuta.

"Marahaba, baba. Karibu, hapo ni kwako."

Kioo kikateleza. Ukatokea mkono wa mke wangu na kikombe cha chai kilichojaa mpaka ukingoni. Kijana akakipokea kwa mikono miwili, uso ameugeuza, na hakikumwagika.